Maswali ya wasomaji: umri wa matope ya bahari husomwaje?

Barua ya kwanza, kutoka Katuba, Lubumbashi

Bwana Mhariri, mwanangu anasoma jiolojia pale Kasapa, katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Likizo iliyopita alirudi nyumbani na picha za vitu vinavyofanana na bisi, akaniambia kwamba ni maganda ya wadudu wa baharini yaliyotolewa katika matope ya pwani ya Muanda, na kwamba mwalimu wake aliyatazama tu akajua tabaka lile lina miaka mingapi. Mimi nimeuza samaki na chumvi sokoni kwa miaka ishirini, najua kupima vitu, na jambo hili halijaniingia kichwani. Ganda halina maandishi. Ni nani aliyemwambia mwalimu umri wake? Na kama kuna mashine za kupima umri wa mawe, kwa nini kijana akae mwezi mzima akiokota vumbi kwa brashi?

*Mama msomaji, Katuba*

Jibu

Mama, umesema kweli kwamba ganda halina maandishi. Kisukuku kimoja kilichotolewa katika matope hakitaji mwaka wowote. Kinachosemwa na visukuku ni mpangilio: kiumbe hiki kiliibuka baada ya kile, na kile kilikuwa kimekwisha kutoweka kabla ya hiki. Miaka yenyewe, zile tarakimu alizozitaja mwalimu wa mwanao, imekopwa mahali pengine, nami nitaeleza ni wapi. Lakini tuanze na mpangilio, kwa sababu watu wengi huyachanganya mambo haya mawili, wakiwamo wanafunzi waliokaribia kumaliza masomo.

Chukua mfano wa fedha zetu. Tuseme umerithi mikebe ya marehemu bibi, yote imefungwa na haina tarehe. Mmoja una noti za zaire za zamani peke yake, wa pili una zaire mpya zilizotolewa mwaka 1993, na wa tatu una faranga za Kongo zilizoanza kutumika mwaka 1998. Ukishaona mikebe ya majirani wengi ikirudia mfuatano uleule, hutahitaji kalenda ili kujua ni upi uliofungwa kwanza. Na ukikuta mkebe ambamo zaire na faranga zimechanganyika, utasema bila kusita kwamba haukufungwa kabla ya 1998, hata kama faranga iliyomo ni moja na zaire ni mia, kwa sababu noti ya zamani inaweza kubaki mkebeni miaka mingi baada ya kuondolewa sokoni, bali noti mpya haiwezi kuwekwa akiba kabla ya kuchapishwa. Spishi za viumbe wa baharini zina kuchapishwa kwake na kuondolewa kwake. Tofauti ni kwamba serikali inaweza kurudia jina la fedha ya zamani, kama faranga ilivyorudi, ilhali spishi ikishatoweka duniani hairudi tena.

Viumbe alivyokuonyesha mwanao, kwa jinsi ulivyovieleza, ni foraminifera. Si wadudu hasa: kila kimoja ni chembe hai moja tu, isiyo na kichwa wala miguu, inayojijengea ganda la chokaa lenye vyumba vilivyoshikana, na ndiyo maana ukaona bisi. Wengi wao hawafiki milimita moja. Baadhi huishi juu ya sakafu ya bahari, na wengine huelea karibu na uso wa maji, wakafa, na maganda yao yakashuka polepole kama mvua isiyokatika. Hawa wanaoelea ndio hazina ya mpimaji wa umri, kwa kuwa mikondo huwatawanya katika bahari nzima, hubadilika umbo upesi kwa hesabu za kijiolojia, na ni wengi kupindukia, hata kijiko kimoja cha matope ya kina kirefu kinaweza kuwa na maelfu ya maganda. Pamoja nao kuna kokoliti, visahani vya chokaa vya mimea midogo ya baharini ambavyo upana wake ni mikroni chache tu, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kuna diatomu na radiolaria, viumbe vingine vya chembe moja, ambao hujenga kwa silika, madini ya mchanga na kioo, badala ya chokaa. Kuna ostrakodi, walio jamaa wa mbali wa kamba, wenye maganda mawili kama kunde. Na kuna chavua ya miti iliyopeperushwa kutoka nchi kavu.

Mfano wa ganda linalotambulika kwa urahisi ni la Hantkenina, lenye miiba mirefu, mmoja kwa kila chumba. Lilipotea katika bahari zote miaka milioni 33.9 iliyopita, na wanajiolojia wamekubaliana kwamba kupotea huko ndiko kunakofunga kipindi cha Eosini na kufungua Oligosini. Mahali palipochaguliwa kuwa kipimo rasmi cha mpaka huo ni Massignano, nchini Italia. Lakini matope ya mfinyanzi ya kusini mwa Tanzania, katika eneo la Kilwa, yaliyochimbuliwa na watafiti katika miaka ya 2000, yanaonyesha miiba ileile ikikoma, tena katika maganda yaliyohifadhika vizuri mno hata yanang'aa kama kioo. Watu wawili wasiowahi kuonana, mmoja Italia na mwingine Kilwa, wanaweza kuweka kidole kwenye tabaka lao kila mmoja na kusema kwamba ni wakati uleule.

Hata hivyo, si kila noti iliondolewa siku moja kila mahali. Utakumbuka kwamba Wakasai waliikataa zaire mpya ya 1993 wakaendelea kununua na kuuza kwa noti za zamani. Mgeni ambaye angepima umri wa mkebe wa Mbuji-Mayi kwa kanuni za Kinshasa angekosea. Bahari nayo ina Kasai yake. Iko foraminifera iitwayo Globigerinoides ruber ambayo aina yake moja ina ganda la rangi ya waridi. Katika Bahari ya Hindi na Pasifiki aina hiyo ya waridi ilitoweka takriban miaka 120,000 iliyopita; katika Atlantiki inaishi hadi leo. Ganda la waridi likipatikana katika matope ya mbele ya Dar es Salaam, na likiwa halikuhamishwa kutoka mahali pake, linatuambia kwamba tabaka lile limevuka umri huo. Ganda lilelile likipatikana mbele ya Muanda halituambii neno. Kwa hiyo mpimaji mzuri huuliza kwanza ni bahari gani, kisha ndipo anapofungua kitabu cha spishi.

Sasa miaka. Tarakimu hukopwa kutoka kwa vitu vinavyohesabu wakati vyenyewe. Cha kwanza ni majivu ya volkano: mlima ukilipuka na majivu yakaanguka baharini, madini yaliyomo yana elementi zinazooza kwa kasi inayojulikana, kama urani inayogeuka risasi, na tabaka la majivu likiwa limebanwa kati ya matabaka mawili yenye visukuku, visukuku hivyo hupata tarehe. Cha pili ni sumaku ya dunia, ambayo ncha zake zimebadilishana mara nyingi. Punje za chuma katika matope hulala zikielekea ncha ya wakati wao, na mabadilishano ya mwisho makubwa yalitokea takriban miaka 780,000 iliyopita. Cha tatu kiko ndani ya maganda yenyewe. Mwaka 1955 Cesare Emiliani alionyesha kwamba uwiano wa oksijeni nzito na nyepesi katika maganda ya foraminifera hupanda na kushuka kufuatana na zama za barafu, na mwaka 1976 James Hays, John Imbrie na Nicholas Shackleton walithibitisha kwamba mapigo hayo yanafuata mabadiliko ya mzunguko wa dunia kulizunguka jua, jambo ambalo wanafalaki wanaweza kulihesabu kurudi nyuma. Kazi hiyo yote ikishafanyika mahali palipo bora, haihitaji kurudiwa kila mahali. Mwalimu wa Kasapa anatambua spishi, na spishi ndiyo inayomletea tarehe iliyokwisha kulipiwa na wengine.

Nikupe hesabu, kwa kuwa umesema unajua kupima. Kokoliti iitwayo Emiliania huxleyi iliibuka takriban miaka 290,000 iliyopita, na nyingine, Pseudoemiliania lacunosa, ilitoweka takriban miaka 440,000 iliyopita. Tuseme mwanao ana nguzo ya matope iliyotolewa kwa bomba, na ile ya kwanza anaiona kuanzia juu hadi mita 29, kisha haionekani tena chini yake, ilhali ile ya pili anaanza kuikuta kwenye mita 35. Mita 29 kwa miaka 290,000 ni sentimita 10 kwa kila miaka 1,000. Kati ya mita 29 na 35 kuna mita 6 tu kwa miaka 150,000, yaani sentimita 4 kwa kila miaka 1,000. Kumbe bahari ile ilipokea matope kidogo hapo kale, kisha mto ukaongeza mzigo, na hapo tayari tumeanza kusimulia historia ya bonde zima. Na kama alama zote mbili zingekutana kwenye kina kimoja? Basi miaka 150,000 haipo: ama matope hayakutua, ama yalitua yakakwanguliwa na mkondo. Kwa macho ya kawaida mahali hapo hapaonyeshi kitu, tope juu ya tope. Mimi binafsi naona kwamba kuligundua pengo la namna hiyo ni kazi kubwa kuliko kutaja umri wa tabaka lililopo.

Kuhusu mashine, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Tope si jiwe lililozaliwa siku moja. Ni taka za mawe mengine. Lualaba huanzia huku kwetu Katanga na kuwa mto Kongo, na punje ngumu ya zirikoni iliyomomonyoka katika vilima vyetu ingeweza kubebwa hadi baharini. Ukiitia mashineni itakupa mamia ya mamilioni ya miaka, na haitakuwa imesema uongo, isipokuwa itakuwa imekutajia umri wa kilima, si wa tope lililoipokea. Kaboni ya mionzi hupima uhai uliokufa, jambo ambalo ni sawa na tunalolitaka, lakini nusu yake huoza kila miaka 5,730, na ikishapita takriban miaka 50,000 hakibaki cha kupimika. Ganda la kiumbe kilichokufa wakati tope linatua ndilo linalofungamana na siku ya kutua.

Ndiyo sababu ya brashi. Tope hulowekwa, huoshwa juu ya chekecheo ambalo matundu yake ni mikroni 63, mabaki hukaushwa na kutandazwa kwenye sahani nyeusi, na maganda huokotwa moja moja kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa. Muulize mwanao kama chekecheo lake huchovywa katika rangi ya buluu ya methilini kabla ya sampuli mpya: ganda lililong'ang'ania kutoka katika sampuli ya jana hutoka na rangi, na hivyo halihesabiwi. Kokoliti hazihitaji haya yote. Tope kidogo hupakwa kwenye kioo kwa kijiti cha meno na kutazamwa kwa hadubini inayokuza mara 1,000, na jibu linaweza kupatikana wakati mtambo wa kuchimba bado unazunguka. Wachimbaji wa mafuta ndio waliofanya ujuzi huu uwe kazi ya mshahara, kwa sababu meno ya mtambo huvunjavunja kombe kubwa yasibaki ya kutambulika, lakini ganda lisilofika milimita moja hupita salama. Huenda utapenda kujua kwamba kule Texas, katika miaka ya 1920, walioonyesha jambo hilo kwa makampuni yaliyokuwa na mashaka walikuwa wanawake watatu, Esther Applin, Alva Ellisor na Hedwig Kniker.

Makosa yapo. Katika kisima cha mafuta vipande vya juu humomonyoka ukutani na kuangukia chini, kwa hiyo spishi changa huonekana mahali pasipo pake. Ndiyo maana wataalamu wa visima hutegemea zaidi mahali spishi inapotoweka, ambapo kwa anayeshuka ndipo inapokutwa mara ya kwanza, kuliko mahali ilipoibuka. Na mbele ya Muanda kuna tatizo la pekee. Mto Kongo una korongo linaloanzia ndani ya mdomo wake na kuendelea chini ya bahari hadi kina kirefu. Mwezi wa Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa ya mto, maporomoko ya matope na mchanga yalishuka katika korongo hilo kwa zaidi ya kilomita 1,100 na kukata nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa sakafuni, nasi tukaona intaneti ikikokota miguu. Maporomoko kama hayo hubeba maganda ya zamani na kuyalaza juu ya mapya. Mpimaji huyatambua kwa kuona wakazi wa maji mafupi wamelala pamoja na wa kina kirefu, na kwa maganda yaliyochakaa au yaliyochambuliwa kwa ukubwa kama mchele uliopepetwa. Hapo hurudi kwenye kanuni ya mkebe, kwamba tabaka haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko faranga yake iliyo changa kabisa.

Historia ya bonde la Muanda lenyewe inasomeka kwa njia hii tangu mwanzo. Chini kabisa kuna matabaka yaliyotua wakati Afrika na Amerika Kusini zilipokuwa zikiachana, na ndani yake hakuna foraminifera wa bahari, bali ostrakodi wa maziwa ya maji baridi. Kwa hao ndiyo umri wa matabaka hayo hukadiriwa. Juu yake kuna chumvi nene, iliyoachwa na maji ya bahari yaliyoingia na kukauka zaidi ya miaka milioni 110 iliyopita, na katika chumvi hakuna cha kuokota. Kisha, juu ya chumvi, huja viumbe wa bahari kamili, na hawaondoki tena hadi leo. Wewe uliyeuza chumvi na samaki, mwanao akikuonyesha mchoro wa bonde lile utazikuta bidhaa zako zote mbili zimepangwa humo, chumvi chini na bahari yenye samaki juu yake.

Barua ya pili, kutoka Likasi

Mhariri mpendwa, mimi ni fundi wa kutoa karoti za mawe, yaani nguzo za jiwe zinazokatwa kwa bomba, katika migodi ya shaba. Wanajiolojia wetu husema mawe haya yalikuwa matope ya bahari. Mbona sijawahi kumwona hata mmoja wao akitafuta hayo maganda madogo?

Jibu

Ndugu fundi, wasingeyapata. Mawe ya Roan, yanayobeba shaba na kobalti yenu, yamelala juu ya mawe kama granito ya Nchanga ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, ambayo ina takriban miaka milioni 880, na matabaka yanayofuata juu yake yaliendelea kutua kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Foraminifera wenye maganda walianza katika kipindi cha Kambri, miaka isiyofika milioni 540 iliyopita. Bahari yenu ilikuwa na uhai, lakini uhai wa utando wa bakteria, ambao uliacha zile tabaka zilizojikunja kama vitunguu vilivyokatwa, ziitwazo stromatoliti; huenda umezikata kwa msumeno bila kujua. Hizo hazibadiliki umbo kwa kasi inayofaa kupimia umri. Vipo pia vifuko vidogo vya viumbe hai viitwavyo akritarchi, lakini navyo hudumu bila kubadilika kwa muda mrefu mno, na mawe yaliyopikwa na kukunjwa kama ya Katanga huviharibu. Kwa hiyo huku kwetu umri hutafutwa katika zirikoni ya majivu na lava zilizo kati ya matabaka, na katika yale makonglomerati mawili, yaani matabaka ya kokoto na mawe yaliyogandamana, Kubwa na Dogo, ambayo hulinganishwa na zama za barafu zilizoacha alama duniani kote.

Barua ya tatu, kutoka Bukavu

Mwalimu, sisi tuna Ziwa Kivu mlangoni. Je, matope yake yanaweza kupimwa kwa njia hii ya visukuku?

Jibu

Kwa sehemu. Kivu si bahari, na ziwa kwa hesabu hizi ni la jana tu, hivyo hakuna spishi za kutosha zilizoibuka na kutoweka ndani yake. Diatomu wamo kwa wingi, nao hueleza vizuri hali ya maji, kama yalikuwa na chumvi nyingi au kidogo, na kama ziwa lilipanda au lilishuka, lakini diatomu waliorudi baada ya ukame ni walewale walioondoka. Mpangilio wao unaweza kujirudia, jambo ambalo kwa bahari ya Hantkenina haliwezekani.

Kaboni ya mionzi ingefaa kwa umri mdogo kama huu, lakini Kivu ina hila yake. Gesi ya kaboni inayopanda kutoka katika volkano chini ya ziwa haina kaboni ya mionzi hata chembe, na mwani ulioivuta ukajijenga kwayo huonekana mashineni kuwa wa kale kuliko ulivyo. Watafiti wa Kivu kwa hiyo hutafuta majivu ya Virunga yaliyolala katikati ya matope, na hutafuta vitu vilivyokua nchi kavu kisha vikazama: mkaa wa mioto ya msituni, mbegu, au jani la mti lililopeperushwa kutoka ufukweni, ambalo kaboni yake lilivuta hewani.